Ukuta wa Baba

Nina vitabu visivyopungua mia tatu na sijui kimoja kilipo. Nikikihitaji natafuta mpaka chini ya kitanda, na mara nyingi nakikuta kwa rafiki niliyemwazima nikasahau. Nasema hivi mapema ili msidhani nimerithi kitu kwa baba yangu. Yeye aliweza kuingia karakanani usiku, umeme umekatika, akatoka na patasi ya nusu inchi bila kupapasa.

Baba ni fundi seremala, Katesh, chini ya Mlima Hanang. Karakana yake ni chumba kimoja cha tofali pembeni mwa nyumba. Mna benchi, jiriwa, dirisha moja, na ukuta uliopakwa chokaa. Kwenye ukuta huo kila kifaa kina msumari wake, na nyuma yake kimechorwa umbo lake kwa rangi nyekundu iliyobaki siku tulipopaka bati. Kifaa kikitoka, umbo linabaki pale likikutazama. Jioni baba hakuwa anahesabu vifaa, alihesabu mapengo.

Mtindo huo aliutoa kwenye karakana ya matrekta alikofanya kibarua ujanani, katika mashamba ya ngano ya Basotu, yale ya NAFCO yaliyojengwa kwa msaada wa Kanada. (Ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na Kijiji cha Mulbadaw kilifika mpaka mahakamani kuidai. Ipo siku nitaiandika hiyo.) Nyumbani kwao Mbulu hakukuwa na haja ya kuchora chochote. Babu aliishi kwenye tembe, shoka na jembe alivichomeka kwenye miti ya paa, na jembe lenyewe lilifuliwa na wahunzi wa Kidatoga. Ukiwa na vyuma vitatu huwezi kupoteza kimoja.

Baba alikuwa na vingi, na kila kimoja na sheria yake. Randa hulazwa ubavu, kamwe usiisimamishe juu ya ulimi wake. Patasi huchomekwa kwenye ubao wenye nafasi, makali chini, ili mkono unaoshika usikutane na ncha. Misumeno ilivishwa mipira ya maji iliyopasuliwa kwa urefu, meno yasigusane na kitu. Misumari ilikaa kwenye chupa za siagi ya karanga zilizoning'inia chini ya rafu: vifuniko amevigongelea juu, chupa unaizungusha inatoka. Chepe, sururu na mtaimbo, safu ya chini karibu na mlango, vilipakwa oili chafu ya pikipiki vikirudi shambani. Patasi na randa hapana, oili chafu inachafua mbao. Hizo zilipata mafuta ya cherehani kwa kitambaa. Na skrubu zilikuwa skrubu tu. Nilipotoka shule na neno “parafujo”, nikamweleza kwamba limetoka kwa Wareno, aliniangalia akasema, “Basi nipe hizo za Wareno za inchi mbili.”

Kisha lilikuwepo daftari. Lilining'inia kwa kamba kwenye mpini wa mlango, na peni yake. Ukiazima unaandika jina, kifaa, tarehe. Hata mchungaji aliandika. Hata mama aliandika, akachukia, alipochukua koleo ya kung'olea msumari kwenye kiatu. Mtaani walimcheka wakamwita karani. Mimi nilikuwa naona aibu. Nilidhani ni uchoyo uliovaa miwani.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 nilikuwa nyumbani kwa likizo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Asubuhi na mapema mlima ulishuka: tope, mawe, magogo mazima na mizizi yake. Kwetu halikufika. Lilipita bonde la chini yetu, na nyumba nilizozijua tangu utoto hazikuwepo. Waliokufa Hanang siku ile walizidi 80. Sitaandika zaidi ya hapo, wapo wenye maneno hayo na si mimi.

Ninachoweza kusimulia ni mlango wa karakana. Watu walikuja mbio wakitaka chochote cha kuchimbia. Wengine walikuwa wanachimba kwa sufuria, kwa vipande vya bati. Baba alifungua, akasimama ukutani akaanza kutoa. Hakutafuta, hakugeuka hata kuangalia. Mkono ulikwenda wenyewe. Chepe. Sururu. Mtaimbo. Misumeno kwa ajili ya magogo, mipira ikiwa bado imevishwa. Sidhani dakika mbili zilifika, safu ya chini yote ikawa rangi nyekundu tupu. Na mimi, kwa mazoea tu, nilikuwa nimeshika daftari na peni.

“Mama,” akaniambia (ndivyo anavyoniita), “weka hiyo chini. Shika ndoo.”

Vifaa vilirudi kidogo kidogo, wiki kwa wiki. Vingine tuliviamkia vimeegemezwa mlangoni, aliyevileta hakubisha hodi. Baba aliviosha, akavianika juani, akavipaka oili. Msumeno mmoja ulirudi umekwisha meno, akautundika vilevile. Sururu zilikuwa mbili, ikarudi moja. Aliyechukua ya pili tunamjua, yu hai, lakini aliokuwa anawachimbua hawakuwa hai. Mama aliwahi kuuliza kama tumkumbushe. Baba alinyamaza mpaka mama akabadilisha mazungumzo.

Ikaja pia chepe isiyo yetu. Mpini wake ni mrefu, umechomwa herufi mbili kwa chuma cha moto. Tuliuliza mtaani, hakuna aliyeitambua, au aliyekuwa angeitambua hayupo. Baba aliigongelea msumari mpya pembeni, mahali peupe.

Nilipokwenda tena nilimkuta anapiga randa mbao za kitanda. Daftari limerudi mlangoni, lakini kati ya mwisho wa Novemba 2023 na Februari iliyofuata kuna kurasa mbili ameziacha wazi. Umbo la sururu bado lipo, halina kitu. Nikaona kopo la rangi nyekundu chini ya benchi, nikasema kama ni hivyo niichoree na ile chepe ngeni, maana ukuta mzima umechorwa isipokuwa hapo.

“Iache,” akasema. “Nikiichora itakuwa yangu.”

Akaipuliza randa, vumbi la mbao likaruka, akaniomba nimshikie upande wa pili wa ubao.