PUGU: VILIMA VYENYE MAMBO MENGI

Ndugu msomaji, je, umewahi kufika Pugu? Labda umepita tu. Ulikuwa ndani ya basi la Kisarawe, ukaona vilima na miti, ukaendelea na safari yako. Safari nyingine shuka utembee.

Ukitoka katikati ya Dar es Salaam, shika Barabara ya Nyerere. Utapita uwanja wa ndege, Ukonga na Gongo la Mboto. Baada ya hapo barabara inaanza kupanda. Umefika kwenye vilima vya Pugu, zaidi ya kilometa 20 kutoka mjini. Vilima hivi si virefu. Lakini mtu aliyezoea tambarare ya pwani ataona hewa imebadilika. Hii ni nchi ya Wazaramo tangu zamani, ingawa siku hizi wanaishi hapa watu wa kila kabila.

Watu wa mjini wakisikia Pugu hukumbuka vitu viwili: mnada wa ng'ombe na dampo la Pugu Kinyamwezi. Mnada nenda ukautazame. Utaona ng'ombe waliotoka mikoa ya mbali. Dampo achana nalo. Tuanze na mambo ya zamani.

Misheni iliyochomwa moto

Mwaka 1888 wamisionari Wabenedikto kutoka Ujerumani walijenga misheni hapa Pugu. Walipokea watu waliokombolewa kutoka utumwani. Lakini mwaka huo huo Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kushika utawala na ushuru wa pwani yetu. Wananchi walikataa. Wakapigana, na kiongozi wao aliyejulikana zaidi alikuwa Abushiri bin Salim.

Tarehe 13 Januari 1889 wapiganaji walifika Pugu. Misheni ilichomwa. Wamisionari watatu waliuawa na wengine wakatekwa. Jambo hili husimuliwa kwa namna mbili. Wengine hutaja mashahidi wa dini tu. Wengine hutaja mashujaa wa nchi tu. Mimi naona yote mawili yasemwe. Wamisionari hawa hawakuwa askari. Lakini walikuja wakati ule ule wa kampuni, nao walikuwa taifa moja nayo. Mwananchi aliyenyang'anywa pwani yake angewatenganishaje? Abushiri naye alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889.

Wajerumani walipokwisha kutawala, walijenga reli. Walianza Dar es Salaam mwaka 1905 wakafika Morogoro mwaka 1907. Reli hiyo inapita Pugu. Tangu mwaka 2024 inapita pia treni ya umeme ya reli mpya, nayo ina stesheni yake hapa.

Shule ya Mwalimu

Sasa twende shuleni. Shule ya Sekondari ya Pugu zamani iliitwa Mtakatifu Fransisko. Ilikuwa ya Wakatoliki. Mwaka 1953 alikuja kufundisha hapa kijana aliyetoka kusoma Edinburgh, Uskochi. Jina lake Julius Kambarage Nyerere. Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuzwa kuwa TANU, naye akawa rais wake.

Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Kazi yake iko Pugu. Chama kiko mjini. Mchana anafundisha, halafu anateremka Dar es Salaam kwenye mikutano. Mwezi Machi 1955 alikwenda New York akazungumza Umoja wa Mataifa juu ya nchi yetu. Aliporudi ilibidi achague: ualimu au siasa. Alikuwa na familia changa. TANU ilikuwa chama kichanga kisicho na fedha. Aliacha kazi yenye mshahara. Jina la Mwalimu hakuliacha, akabaki nalo mpaka alipofariki mwaka 1999.

Benjamin Mkapa, Rais wa awamu ya tatu, naye alisoma shule hii. Kumbuka kwamba mpaka leo ni shule yenye wanafunzi. Usiingie kama unaingia sokoni. Anza kwa mkuu wa shule, eleza shida yako, uombe ruhusa.

Msitu na maji

Hapa mimi kama bwana shamba nitakaa zaidi. Msitu wa Pugu umeungana na ule wa Kazimzumbwi. Ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani. Ina mimea mingine ambayo wataalamu waliipa jina la Pugu. Wamo komba, sange na ndege wengi. Leo msitu huu unalindwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi. Unateremka hadi Vingunguti na Jangwani, kisha unaingia baharini. Mvua ikinyesha msituni, majani yanaipunguza nguvu. Maji yanaingia ardhini polepole. Ukikata miti kwa mkaa, maji hayana wa kuyazuia. Yanabeba udongo na kuteremka kwa kasi. Desemba 2011 mafuriko yaliikumba Dar es Salaam, watu walikufa, na wakazi wengi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Mvua ya mwaka ule ilikuwa kubwa mno, na mji umejengwa ndani ya bonde. Siwezi kusema ni mkaa peke yake. Lakini gunia la mkaa la Pugu likifika Jangwani, maji ya Pugu nayo yatafika huko huko.

Ndani ya msitu yapo mapango. Hayakuchimbwa na maji. Ni machimbo ya kaolini, udongo mweupe unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Wachimbaji wakaondoka, popo wakahamia. Chukua tochi, vaa viatu vya kufunika mguu, na uwe na mwongozaji. Popo usiwashike. Hutoka kwa makundi jua linapozama, na hapo ndipo pango linapopendeza kutazamwa. Basi panga usafiri wako wa kurudi kabla hujaingia msituni.