Mbwa wa Kiondoni

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alinitembelea, akaona picha ukutani: mimi nikiwa bado na nywele, na mbwa wa rangi ya mchanga mwenye uso mweusi. "Mjomba, huyu si Malinoisi? Wale wa kung'ata?" Akatoa simu akanionyesha mbwa wa aina hiyo ananing'inia kwenye mkono wa mtu aliyevaa koti nene. Nikamwambia huyu wa ukutani hakumng'ata mtu maishani mwake ila mimi, tena kwa meno ya utotoni. Kazi yake ilikuwa kutafuta watu walio hai chini ya kifusi. Kijana akacheka: "Si siku hizi kuna droni?"

Droni haina pua. Sikumjibu, nikaenda kumtilia chai. Lakini neno lile limenikaa kooni.

Mimi ni mtu wa Kibokoni, Mombasa. Nyumba niliyozaliwa, mbwa hakuvuka kizingiti hata kwa bahati mbaya. Sisi ni Mashafii, na kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito: yakikugusa, waosha mara saba, moja kwa udongo. Sasa mtoto wa nyumba hiyo aliingiaje kwenye mbwa? Kwa kukosa kazi nyingine, hilo la kwanza. La pili ni nililoliona mwaka 1998, nikiwa kijana wa kubeba mizigo River Road, Nairobi. Ile Ijumaa ya Agosti, ya bomu la ubalozi wa Marekani, sote twaijua. Mimi nakumbuka siku zilizofuata, tumesimama nyuma ya kamba karibu na Ufundi House, vikosi vya kigeni vimekuja na mbwa wao. Filimbi ikapigwa. Mashine zikazimwa, watu wakanyamaza, mbwa mmoja akapanda kifusi peke yake, bila kamba, bila hata ukanda shingoni, maana ukanda ungenasa kwenye nondo. Nairobi yote na kelele zake ikatulia kumsubiri mbwa. Sikuwa nimewahi kuona kiumbe akipewa heshima ile.

Miaka michache baadaye nikapata kibarua kwenye mabanda ya mbwa huko Rongai. Nilikuwa mpishi. Matumbo, unga wa mahindi na karoti, sufuria ya lita 50 juu ya kuni, tangu alfajiri. Harufu yake siwezi kuifananisha na kitu. Iliingia kwenye shati, ikaingia kwenye nywele, nadhani iliingia hata kwenye noti za mshahara. Kwenye matatu abiria walikuwa wakinihama, nami nikawa nasafiri kwa raha kuliko tajiri. Mpaka leo nikipita penye matumbo yanayochemshwa bila tangawizi, nageuka kutafuta mbwa.

Kutoka jikoni nikaingia kwenye mafunzo, na mafunzo ya siku zile yalikuwa ya mnyororo. Mwalimu wetu, askari mstaafu, alikuwa na Jamani Shepadi wakubwa, mnyororo wa kubana shingo, na sauti. Mbwa akikosea anavutwa, akipatia anaachwa. Walitii, sikatai. Ila mbwa wa kutii tu hafai kifusini: akiingia mahali asipokuona, anasimama kungoja amri, na aliye chini haishi kwa amri zako.

Kisha akaja Pilipili. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisema alikuja 2009. Juzi nimetoa kadi yake ya chanjo: Machi 2011. Basi iwe 2011, mvua za masika zilikuwa zinaanza na mabanda yananuka mbwa waliolowa, hilo ndilo ninaloliamini. Alikuwa Malinois wa kwanza niliyemgusa. Jina lenyewe latokana na Malines, ndivyo Wafaransa wanavyouita mji wa Mechelen kule Ubelgiji, na kwao huyu ni mbwa wa kuchunga kondoo. Mwepesi: jike mzima kwa kawaida hazidi kilo 25, manyoya mafupi, anapita juu ya zege lililovunjika pale ambapo Jamani Shepadi wa kilo 40 angeporomosha kila kitu. Na halali usingizi. Mbwa wengine hucheza wakichoka kukaa, huyu hukaa akichoka kucheza, na sikuwahi kumwona amechoka.

Alikuja ana wiki nane, na wiki zile za mwanzo hazirudi. Asichokiona mtoto wa mbwa kabla ya miezi mitatu na nusu hivi, huenda akakiogopa mpaka kufa. Lakini chanjo zilikuwa bado, na ardhi ya Nairobi imejaa virusi vya parvo. Nifanye nini? Nikamtia kwenye kiondo cha mke wangu, sukuma wiki juu yake, nikapanda naye matatu. Makondakta walilipwa nauli ya mtu mmoja na mboga. Hivyo Pilipili akaujua mji bila kukanyaga chini: honi, muziki, mvua juu ya mabati, wahubiri wenye vipaza sauti. Kituo chetu kilikuwa Kariobangi Light Industries, kwa Fundi.

Fundi alikuwa na yadi ya vyuma kuukuu: mapipa, milango ya malori, vipande vya zege alivyonunua kwa ajili ya nondo zilizomo ndani. Mzee mfupi, mgumu wa mkono, alikuwa akihesabu misumari iliyopinda. Ukinunua boliti moja anakuuliza nati umeipata wapi. Malipo aliyotutoza ni chai ya maziwa na mandazi mawili, na mandazi akiyapima kwa macho kabla hajakubali. Kwa malipo hayo alikuwa tayari kulala ndani ya pipa saa nzima. Mimi sijaona mtu aliyejua kujificha kama yule. Hakukohoa, hakuchungulia. Mara nyingine alipitiwa na usingizi kweli.

Kazi ilianza kwa kitambaa. Dakika tatu tu, tukivutana, halafu basi, naondoka angali anataka. Kisha kitambaa anapewa Fundi, anakimbia nyuma ya pipa Pilipili akimwona. Kisha hamwoni. Kisha pipa linafunikwa, na halifunguki mpaka abweke, na si mara moja, abweke mfululizo. Anayempa kitambaa ni yule aliyefichwa, mimi simpi chochote. Mwalimu wetu wa mnyororo alitazama akasema huu ni mchezo. Ndiyo, ulikuwa mchezo. Mbwa aliamini kwamba kila penye giza kuna mtu anayemngoja wacheze.

Kwa miezi mitatu nilijiona bingwa. Siku moja Fundi ana homa, nikamtia mama muuza chai ndani ya pipa. Pilipili akapita. Akarudi, akapita tena. Mama wa watu anazidi kutoka jasho, mbwa anatazama juu kama asiyehusika. Ndipo nikakumbuka ugoro. Fundi alikuwa mvutaji wa ugoro tangu ujana. Mimi nilikuwa sijafundisha mbwa kutafuta binadamu, nimemfundisha kutafuta ugoro.

Tukaanza upya. Kila aliyepita tukamwomba ajifiche: wanafunzi, mlinzi wa usiku, Msomali wa duka la mapazia, mhandisi wa Kihindi aliyevua viatu kabla ya kuingia kwenye pipa, bibi mmoja aliyekubali kwa sharti kwamba asichafuliwe leso. Kila mtu na jasho lake, na ndani ya majasho yote hayo mbwa akapata kitu kimoja ambacho mimi na wewe hatutakijua.

Na upepo. Huo ndio ulionifundisha mimi. Asubuhi ya baridi harufu inalala chini. Jua likipanda nayo inapanda, inafuata ukuta, inatokea kwenye ufa mita kadhaa kutoka alipo mtu. Mbwa hubweka inapotokea harufu, wewe ndiye wa kufikiri imetoka wapi. Nilikuwa natembea na jivu mfukoni, nalipuliza, nalitazama linakoelekea.

Ilichukua karibu miaka miwili. Mama yangu alikuwa akinipigia simu kila Ijumaa. "Umeosha?" Nimeosha, mama. "Na udongo?" Na udongo. Kopo la udongo lilikuwa bombani, wenzangu wakidhani ni la maua.

Aliwahi kumpata mzee aliyepotea kwenye ukungu wa vilima vya Ngong, amelala kichakani, naye akatutukana kwa kumwamsha. Na liko jengo la ghorofa lililoporomoka upande wa mashariki ya jiji. Tulikaa langoni tangu asubuhi mpaka alasiri, kwa sababu jina letu halikuwamo kwenye karatasi ya mtu fulani. Tulipoingia, Pilipili alizunguka kifusi chote, akarudi akalala miguuni pangu. Tulimfundisha kutafuta walio hai peke yao, kwa hiyo sikuhitaji kumuuliza. Jioni hakula. Fundi aliposikia, akaja Rongai kwa matatu mbili, usiku, nauli yake mwenyewe, akajiingiza chini ya rundo la mbao bila kusema neno. Pilipili akambwekea mpaka majirani wakawasha taa. Nilipomsimulia mama, kwa mara ya kwanza hakuuliza kama nimeosha. Aliuliza: "Huyo mzee mlimpa chai?"

Baada ya hapo mambo yamekwenda mbio. Fundi alifariki, yadi ikawa maegesho. Mabanda ya Rongai yakauzwa, sasa ni fleti. Pilipili alikufa 2023, mwaka wa tetemeko la Uturuki. Mbwa wa mataifa wakipanda vifusi kwenye televisheni, yeye hakuweza tena kupanda ngazi tatu. Na siku hizi kazi ile ina wengine: Morogoro, Tanzania, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO lililoanzishwa na Mbelgiji lafundisha panya buku kubeba vimkoba na kupenya penye nyufa. Sina kinyongo na panya. Hata wao wanafundishwa na watu wanaokubali kujificha.

Ninachokasirikia ni hawa Malinois wa fleti. Kijana anaona video, ananunua mtoto wa mbwa kwa bei ya ng'ombe, anamfunga kwenye roshani ya ghorofa ya tano. Mwaka haujaisha, kochi limeliwa, mlinzi ameng'atwa, na mbwa anatangazwa kuuzwa kwa sababu "ni mkali". Si mkali. Hana kazi.

Kwa hiyo, kama unaye mmoja na umeshindwa naye, usimuuze. Jumamosi asubuhi mimi nina nafasi. Magoti yameharibika lakini ndani ya pipa bado naenea, na ugoro sivuti. Chai ya maziwa na mandazi mawili.