Goli Lipi?

Jumanne, 14 Oktoba 2025, usiku

Kesho saa mbili asubuhi wanamwingiza Baba. Jicho la kulia. Dada anasema mtoto wa jicho siku hizi si kitu, nusu saa haifiki. Sawa. Saa mbili ya kwao huku ni saa kumi na mbili, nitakuwa macho tu.

Baba kaniagiza kitu kimoja: picha ya goli alilofunga Samatta hapa Anfield. Si ya uwanja. Goli lenyewe, nguzo na nyavu. "Nikifunguliwa nianze na hilo."

Jumatano, 15 Oktoba

Saa tatu. Kaka, aliye na Baba hospitalini, hapokei simu. Dada kanifukuza nyumbani, eti nikazurure na Shemeji nisahau. Nisahau!

Upepo wa mtoni huku hauna adabu. Koti langu la Kariakoo limesalimu amri, Shemeji kanipa lake. Jekundu. Nembo ya Simba kifuani. Mimi, mtoto wa Jangwani! Nimeifunika kwa skafu. Hapa Liverpool nani atajua.

Feri. Kama Kigamboni, ila hakuna matenga, hakuna bodaboda, hakuna anayekusukuma. Inachosha kidogo. Juu ya Royal Liver Building ndege wawili, mmoja anatazama mto, mwenzake mji. Kule bandarini uwanja mpya wa Everton unang'aa. Shemeji kageuza uso kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Nikamkumbusha kwamba Everton ndio waliotangulia kucheza Anfield, wakahama 1892. Hakucheka.

Saa sita na robo. Bado hapokei.

Anfield. Kabla ya kuingia, majina 97 ya waliokufa kutokana na maafa ya Hillsborough, 1989. Mdogo wao alikuwa na miaka 10. Simu mkononi muda wote. Nimeona haya kuiangalia pale, nikaiangalia.

Ndani, mzee anayetutembeza ana mdomo mtamu. Eti jukwaa la Kop limepewa jina la kilima cha Spion Kop, Afrika Kusini, walikofia vijana wengi wa huku vitani mwaka 1900. Kumbe! Miaka yote Baba anaitaja Kop kila wikiendi, kumbe anataja kilima cha kwetu.

Kibao cha This Is Anfield. Klopp aliwakataza wachezaji wake wasikiguse mpaka washinde kombe. Shemeji hakungoja kombe. Karuka, kakigusa mara mbili.

Chumba cha wageni hakina makuu, mabenchi tu. Nikakaa. Samatta alivulia viatu humu. Kona ipi sijui.

Nikamuuliza yule mzee. Kafikiri kidogo. "Genk. Kona. Kichwa." Nilitaka kumkumbatia! Novemba 5, 2019, na bado anakumbuka. Goli lipi lakini? Hapo kakwama. Shemeji anaapa ni la upande wa Kop, akaongeza, bila kuulizwa na mtu, kwamba Samatta kapitia Simba. Mimi nakumbuka upande wa kushoto wa televisheni, na chai ya Baba mkekani. Mtu wa Liverpool tangu enzi za redio, usiku ule alisahau, akaruka. Halafu akakaa kimya, kama kafumaniwa. Liverpool wakashinda 2-1 na bado hakujua amwangalie nani usoni.

Basi nimepiga yote mawili. Kop, na la upande wa pili. Achague mwenyewe.

Saa tisa kasoro, viti vya Kop. Kaka! Imeisha tangu asubuhi, salama, simu ilikuwa imeisha chaji. Chaji! Nimemtukana kwa sauti, watalii wakageuka. Halafu miguu ikaisha nguvu, nikakaa. Mzee anaeleza jambo kuhusu nyasi. Sikusikia hata neno.

Shemeji kaninunulia chai. Haina tangawizi, haina sukari ya maana. Nimeimaliza.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wamemfungua asubuhi. Nikatuma magoli mawili, na ile picha aliyonipiga Shemeji nimeegemea ukuta wa Kop, meno yote nje.

Dakika arobaini kimya. Nimeosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Sauti yake imeingia. Kikohozi kwanza. Halafu: "Mwanangu. Hicho kinachochungulia chini ya skafu, hapo kifuani, si mnyama hicho?"

La goli hajasema lipi.