Gari Linalozimika Juani: Njia ya Voi Hadi Ronge

Msafiri atokaye Voi kwenda Ronge hupita nchi mbili katika safari moja. Voi ipo nyikani, kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, na tangu Januari mpaka Machi jua lake huwa kali hata watu hutafuta vivuli kabla ya saa sita. Barabara huelekea magharibi kwa kilomita 25 hivi mpaka Mwatate, penye mashamba mapana ya katani, na mbele yake huonekana vilima vya Taita ambavyo wenyeji huviita Dawida. Ronge nayo imegawanyika vivyo hivyo. Ronge Nyika iko chini, penye joto na ukame; Ronge Juu iko mlimani, penye ubaridi, migomba, mahindi na mboga, pamoja na msitu ulio mojawapo ya masalio ya misitu ya asili ya Taita.

Njia hii ni mtihani kwa gari kuukuu. Nyikani injini hupata joto la jua na la lami. Kisha, kabla haijapumzika, hutakiwa kupanda mlima kwa gia ndogo, ikizunguka kwa nguvu huku gari likienda polepole na upepo wa kuipoza ukiwa haba. Kwa kawaida hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi kila mita 1,000 za kupanda, lakini injini haipati nafuu hiyo upesi. Ndiyo maana gari lililovuka nyika salama huweza kuzimika mlimani, mahali ambapo abiria wamekwisha kuvaa makoti yao.

Magari mapya hayasumbuki sana kwa namna hii, kwa kuwa petroli yake husukumwa kwa nguvu kutoka ndani ya tangi. Lakini magari ya zamani yenye kabureta, kama vile Land Rover na Peugeot 404 za miaka ya 1960, yana pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini, na huvuta joto pamoja na petroli.

Ugonjwa Unaojificha

Mfano wa mwenye gari wa Ronge Juu watosha kuonyesha taabu hiyo. Alfajiri gari lake huwaka mara moja, nalo hushuka na mboga mpaka sokoni Voi bila kukohoa. Saa nane mchana, likirudi na abiria, huanza kukatakata katika mwinuko, kisha hunyamaza kabisa. Dereva huweka jiwe nyuma ya gurudumu, hufungua boneti, humwagia pampu maji, na watu wote huketi chini ya mti. Baada ya nusu saa gari huwaka kana kwamba halikuwa na neno.

Kesho yake hulipeleka kwa fundi asubuhi na mapema. Fundi hulisikiliza, huona halina ugonjwa, lakini kwa kuwa ameombwa kutengeneza, hubadili plagi. Juma lifuatalo ni betri. Juma la tatu ni kabureta. Fedha za karo huishia gerejini, na bado gari huzimika mahali pale pale. Hasara yenyewe si ya fedha tu. Gari hilo ndilo huteremsha wagonjwa usiku kwenda hospitali ya Voi, na likizimika jioni katika nyika ile, abiria hubaki njiani katika nchi ambayo tembo wa Tsavo huipita watakavyo.

Kosa liko wapi? Liko katika ile nusu saa ya kungoja. Yako magonjwa matatu ambayo joto huyaleta na kungoja huyaondoa. La kwanza ni mvuke: sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi, na bomba likijaa mvuke pampu haiwezi kuvuta. La pili ni tundu dogo la hewa katika mfuniko wa tangi kuzibwa na vumbi. Petroli ipungukapo hewa haiingii, na tangi huizuia petroli isitoke. La tatu ni koili au kondensa iliyochakaa, ambayo hutoa cheche ikiwa baridi na kushindwa ikiwa moto. Gari likikaa kimya nusu saa, mvuke hurudi kuwa petroli, hewa hupenya tangini, na koili hupoa. Yote matatu hupona kwa dawa moja, na kwa hiyo kupona hakumwambii mtu lolote juu ya ugonjwa.

Fundi mzee huyajua hayo. Akielezwa habari za maji yaliyomwagiwa pampu, hujibu, "Mwanangu, maji uliyapa pampu, lakini saa ndiyo iliyoponya."

Kupima Kabla ya Kungoja

Basi yampasa dereva apime wakati ugonjwa ungali upo, katika dakika tano za kwanza, wala asiguse mfuniko wa rejeta, maana maji ya moto huunguza vibaya. Kwanza afungue mfuniko wa tangi na kusikiliza: ukivuta hewa kwa nguvu na gari likawaka muda mfupi baadaye, tundu limeziba. Pili, injini ikiwa imezimwa, atazame kooni mwa kabureta huku msaidizi akikanyaga mafuta. Petroli ikiruka, ipo. Isiporuka, na ateue mvuke au pampu. Tatu, pasipo petroli iliyomwagika karibu, aweke plagi ya akiba katika waya, chuma chake kikigusa injini, akiishika kwa koleo lenye mpini wa mpira, na injini izungushwe. Cheche isipokuwapo, petroli haina hatia.

Hapo kitambaa cha maji kiwekwe juu ya koili peke yake. Cheche ikirudi mara, koili inashukiwa, na koili nyingine ikifungwa papo hapo itathibitisha. Isiporudi, zamu ni ya kondensa. Lililo kuu ni kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Abadiliye vitatu pamoja hajui kipi kilichomponya, na vingine viwili amevilipia bure.

Tena na awe na daftari dogo garini, aandike saa, mahali, kiasi cha petroli tangini na alichokiona. Gari lenye ugonjwa wa kujificha halisemi kweli mbele ya fundi asubuhi. Kurasa mbili za daftari, zilizoandikwa mlimani injini ingali moto, zitamfaa fundi huyo kuliko sanduku zima la vipuri vipya.