Jicho, Ulimi na Mkono

Kiswahili hakikutosheka na neno moja kwa jambo la mtu kuinusuru nafsi yake. Yupo anayejilinda, yupo anayejitetea na yupo anayejihami. Anayejilinda hukesha, macho yake yako wazi kama ya mwenye kuamia mpunga, na mwizi akishajua kuwa ameonekana huenda akarudi alikotoka. Anayejitetea hutumia ulimi: huuliza, hukataa, hutoa hoja. Anayejihami ndiye aliyekwisha kunyanyua mkono. Wasemaji huyaazimanisha maneno haya katika mazungumzo ya kila siku, wala hapana kosa katika hilo. Hata hivyo, yakipangwa kwa utaratibu wake, jicho kwanza, ulimi pili, mkono mwisho, huwa kama ngazi yenye vidato vitatu, na mwenye busara hakiruki kidato.

Ngazi hiyo huonekana vyema zaidi katika nchi ambayo mkono wa raia umepewa silaha. Marekani iliiandika haki ya kumiliki na kubeba silaha katika Marekebisho ya Pili ya Katiba yake mwaka 1791. Ilipita zaidi ya karne mbili kabla ya Mahakama yake Kuu kutamka, mwaka 2008, kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi na kwamba inamruhusu kuweka bastola nyumbani kwa ajili ya kujihami. Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo ikaitoa haki hiyo nje ya mlango, hadi barabarani. Kabla ya hapo, mwaka 2005, jimbo la Florida lilikuwa limetunga sheria inayomwondolea raia wajibu wa kurudi nyuma hata akiwa mbali na kwake, na majimbo mengi yakaifuata. Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya sheria hizo, kina neno moja linaloweza kubeba jicho, ulimi na mkono, na ndilo linaloingia mahakamani.

Msomaji wa mwambao anaweza kudhani kwamba wenye silaha wa Marekani wote ni watu wa jeuri. Atakuwa amewadhulumu. Otis McDonald alikuwa mzee Mwafrika-Mmarekani wa Chicago, mstaafu, aliyehama Louisiana akiwa kijana wa miaka 17. Nyumba yake ilivunjwa mara kadhaa, na jiji lilikuwa limepiga marufuku bastola tangu mwaka 1982. Akashitaki, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ikampa haki kwa kura tano dhidi ya nne. Hakuwa akitafuta ushujaa. Alikuwa akitafuta usingizi.

Nyuma yake iko historia ndefu zaidi. Mwaka 1957, katika mji wa Monroe, North Carolina, watu wa Ku Klux Klan walizoea kupita kwa msafara wa magari katika mtaa wa watu weusi, wakipiga honi na kufyatua risasi. Robert F. Williams, aliyekuwa kiongozi wa tawi la NAACP mjini hapo, aliwapanga wenzake nyuma ya mifuko ya mchanga nyumbani kwa daktari mmoja aliyekuwa akitishwa. Msafara ulipofika na kushambulia, ulijibiwa kwa risasi, ukatimka. Baada ya hapo halmashauri ya mji ikapiga marufuku misafara ya namna hiyo. Miaka yote ambayo watu wale walitumia ulimi, wakiomba, wakishitaki, wakiandika barua, hapakuwa na aliyewasikiliza. Williams baadaye aliingia uhamishoni Kuba, kisha China, na mwaka 1968 akafika Dar es Salaam. Hadithi yake haiwezi kupuuzwa na yeyote anayetaka kusema kwamba bunduki haijapata kumlinda mnyonge.

Swali gumu, basi, halipo kwenye haki. Lipo kwenye tukio lenyewe: sekunde zile chache ambamo mtu hana wakili wala katiba, ana giza, moyo unaodunda na chuma mkononi. Wanaosimulia matukio yao wenyewe husimulia mambo yasiyofanana na yale ya sinema. Kwanza, wengi wao hawakufyatua. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2021 miongoni mwa wenye silaha ulikadiria kwamba silaha hutumika kwa kujihami mara milioni 1.67 kwa mwaka, na kwamba katika matukio zaidi ya manane kati ya kila kumi haikutoka hata risasi moja. Takwimu za serikali zinazokusanywa kwa kuwahoji waathirika wa uhalifu hutoa idadi ndogo mno kuliko hiyo, isiyofika hata laki moja, na wataalamu hawajaacha kubishana. Jambo moja halina ubishi mkubwa: mara nyingi bunduki ilionyeshwa tu, au ilitajwa tu. Jicho la mvamizi liliiona, au sikio lake liliisikia, naye akaondoka. Hapo chuma kilifanya kazi ya ulimi.

Ipo pia hesabu ambayo haisimuliwi sana katika mazungumzo ya kujihami. Mwaka huo huo wa 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Silaha iliyonunuliwa kwa ajili ya adui wa nje ilimkuta mwenyewe ndani, katika usiku wake mbaya, na hapakuwa na mlango wa kufunga baina yao.

Waliofyatua wakaokoa watu wapo, na haifai kuwaficha. Tarehe 5 Novemba 2017 mtu mmoja aliingia katika kanisa la Sutherland Springs, Texas, akaua watu 26, akiwemo mtoto aliyekuwa bado tumboni. Stephen Willeford, fundi bomba aliyekuwa amepumzika nyumbani karibu na hapo, aliambiwa na binti yake kwamba kuna mlio kama wa risasi. Alitoka mbio na bunduki yake, miguu mitupu, kwani hakuona kuwa ana wasaa wa kuvaa viatu. Alipokaribia, alipiga ukelele kuelekea kanisani. Muuaji aliusikia, akaacha kuua, akatoka nje kumkabili. Alikuwa amevaa fulana ya kuzuia risasi. Willeford alimlenga pale ambapo fulana haikufunika, akamjeruhi, na muuaji akakimbia. Waliomsikiliza Willeford baadaye walimsikia akisema kuwa yeye si shujaa na kwamba aliogopa sana. Katika simulizi yake ukelele ule una uzito usiopungua wa risasi, kwa sababu ndio uliomtoa muuaji miongoni mwa waumini.

Miaka miwili baadaye, tarehe 29 Desemba 2019, katika kanisa jingine la Texas, mjini White Settlement, aliingia mtu aliyevaa nywele na ndevu za bandia. Jack Wilson, mzee wa miaka 71 na mwalimu wa shabaha, ndiye aliyekuwa mkuu wa walinzi wa kujitolea wa kanisa hilo. Yeye na wenzake walimtilia shaka mgeni huyo tangu mapema, wakamweka machoni. Mgeni alipotoa bunduki aliua waumini wawili. Wilson alimwangusha kwa risasi moja. Yote hayo yalichukua kama sekunde sita. Wilson alisema baadaye kwamba hakujihisi kuwa ameua mwanadamu, ila uovu. Ni kauli ya mtu anayetafuta mahali pa kuuweka mzigo wake, na anayestahili kuachiwa autue atakapo. Lakini hata kwake yeye mkono ulitanguliwa na jicho, na dakika zile za kutazama ndizo zilizozifanya sekunde sita zitoshe.

Lililomfika Johnny Hurley ni jingine. Tarehe 21 Juni 2021, mjini Arvada, Colorado, mtu mwenye chuki na polisi alimuua askari mmoja mchana kweupe. Hurley, raia wa miaka 40 aliyekuwa dukani karibu na hapo, alitoka na bastola yake akampiga muuaji huyo. Kisha akaiokota bunduki ya muuaji. Askari mwingine, akichungulia kutoka ndani ya jengo, alimwona mtu asiye na sare ameshika bunduki kubwa, akampiga risasi bila ya kumtamkia neno. Hurley akafa. Mwendesha mashitaka hakumshitaki askari yule. Alieleza kwamba, kwa aliyoyajua wakati ule, alikuwa na sababu ya kuamini kuwa mbele yake yuko muuaji. Maelezo hayo ndiyo yanayotisha. Muokozi na muuaji, wakiwa na chuma kile kile mkononi, hawana tofauti machoni mwa anayefika dakika moja baadaye. Tofauti yao ingejulikana kwa kuuliza, na kuuliza kunataka muda.

Ndipo linapokuja tukio la Baton Rouge, Louisiana, ambalo kila mtu wa lugha angepaswa kulijua, khasa anayefasiri. Jioni ya tarehe 17 Oktoba 1992, Yoshihiro Hattori, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16 aliyefika Marekani miezi miwili tu nyuma, alikwenda kwenye tafrija ya Halloween. Katika siku hizo watu hujivika sura za ajabu, na ada yake ni kwamba mlango hufunguliwa kwa mgeni asiyetambulika. Yeye alivaa suti nyeupe kumuiga mchezaji dansa wa sinema. Alifuatana na kijana wa familia iliyomkaribisha. Tarakimu za nyumba ziliwapindukia. Wakafika nyumba ya watu wengine, mtaa ule ule, nayo imepambwa kwa mapambo yale yale ya sikukuu.

Walipiga kengele. Mke wa mwenye nyumba alifungua mlango wa upande wa kuegeshea gari, akawaona, akaogopa, akaufunga kwa nguvu na kumwambia mumewe akachukue bunduki. Vijana walikuwa wameanza kuondoka. Mlango ukafunguliwa tena. Hattori akageuka, akaelekea kwa mwenye nyumba kwa bashasha, akisema kwamba wamekuja kwenye tafrija. Mwenye nyumba alikuwa na bastola kubwa. Akatamka neno moja. Neno hilo, kwa maana yake ya asili, ni lile la maji yanapoganda kwa baridi. Katika kinywa cha polisi wa Marekani maana yake ni kwamba mtu asijitikise. Hattori aliendelea kusogea. Risasi moja ilimpiga kifuani, akafariki akipelekwa hospitali.

Pana mambo mengi ya kusikitikia hapo, lakini mwenye kufasiri hukwama kwenye neno lile. Kijana aliyejifunza Kiingereza darasani alijua kwamba neno hilo ni la barafu. Huko Japani wengi walijiuliza iwapo alilielewa, au iwapo alisikia jingine linalofanana nalo, lile la kumkaribisha mtu kwa upole. Mwenye nyumba alikuwa ametumia ulimi wake, na mbele ya sheria hilo lilihesabiwa. Lakini alilitumia neno kama mtu anayegonga muhuri. Hakuuliza, aliamuru, na akakipima kimya cha mwenzake kwa urefu wa woga wake mwenyewe. Swali fupi kabisa, la kumtaka mgeni ajitaje, lingempata kijana akiwa na jibu tayari mdomoni. Alikuwa analisema.

Watu wa mwambao wana neno lililotengenezwa kwa ajili ya kizingiti hicho hicho. Hodi haimaanishi chochote zaidi ya kwamba mtu yupo na anaomba. Karibu haimaanishi zaidi ya kwamba amesikika. Sura ya Nuur inawaamuru waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Ada hiyo humpa mwenye nyumba fursa ya kusikia sauti kabla ya kuona sura, na humpa mgeni fursa ya kuwa mtu kabla hajawa kivuli. Mwizi, bila shaka, hapigi hodi. Lakini Hattori aliipiga, kwa kengele, na nyumba ile haikumjibu.

Mwezi Mei 1993 baraza la raia walioitwa kuamua kesi lilimwachia huru mwenye nyumba. Mwaka uliofuata, katika kesi ya madai, mahakama ilimtaka alipe dola zipatazo 650,000. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba hatamiliki tena bunduki. Wazazi wa marehemu walikusanya saini zaidi ya milioni moja kuomba silaha zipunguzwe majumbani mwa Wamarekani, na mwezi Novemba 1993 wakapokewa na Rais Bill Clinton.

Willeford ameendelea kuitetea haki ya kumiliki silaha mbele ya hadhara, na ana sababu ambayo hakuna aliyekuwapo kanisani siku ile atakayembishia kwa urahisi. Mwenye nyumba wa Baton Rouge aliapa kutoishika tena, naye ana sababu yake. Wote wawili waliogopa. Mmoja alimjua aliyekuwa mbele yake kabla ya kufyatua. Mwingine alimjua baadaye. Sheria ya nchi yao iliwafunika wote kwa neno moja, wala hapana sheria itakayoweza kumwongezea mtu sekunde ya kutazama na sekunde ya kuuliza. Hizo hujiongezea mwenyewe, au humkosa.

Wazazi wa Hattori walifanya na jambo jingine. Walianzisha mfuko wa kuwasomesha wanafunzi wa Kimarekani nchini Japani, ili vijana kutoka nchi iliyomuua mtoto wao wafike kwao, wakae katika nyumba za watu, wajifunze lugha. Kila kijana anayekwenda kwa mfuko huo husimama siku ya kwanza mbele ya mlango asioujua, akiwa na maneno machache ya kigeni mdomoni, naye hufunguliwa.