Turbo Ndiyo Kitu cha Mwisho Kununua

Najua wasee wa magari watanijia juu kwa komenti, lakini nitasema tu: kama unataka kuweka turbo kwa gari ya zamani, turbo yenyewe ndiyo kitu cha mwisho kununua. Na ukishaiweka, usipandishe busti ndio watazamaji wafurahi. Najua inaboesha. Nisikilize kwanza, matusi baadaye.

Wale wageni hapa, gari tunayozungumzia ni Mercedes-Benz 300E, ile umbo la W124, injini ya M103. Silinda sita kwa mstari, lita tatu. Ilikuwa ya guka yangu, akanipa logbook na sharti moja: "Gari hii imepeleka watoto wangu wote hospitali na shule. Usiiue, na isikuue." Hiyo tu. Kwa hivyo kabla hujaniambia ati mimi ni muoga, jua hii si gari ya kuchezea halafu nikiichoka niuze kwa vipande pale Kirinyaga Road.

Swali la kwanza huwa, kwa nini turbo? Si ungenunua Subaru iliyo nayo tayari? Jibu langu ni hewa. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hapa presha ya hewa ni kama 0.83 bar, na Mombasa ni kama 1.01. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu, na hewa ikiwa nyepesi, nguvu inapungua. Hii injini ilitoka kiwandani na nguvu za farasi kama 180. Hapa kwetu ni kama inaendeshwa na 150 hivi. Ukipanda Limuru na watu watano ndani, utajua sitanii.

Turbo inatibu hiyo shida kwa kutumia moshi ambao ulikuwa unatupwa tu. Moshi wa moto kutoka kwa injini unazungusha gurudumu dogo, hilo gurudumu limeungwa kwa shafti moja na feni upande wa pili, na hiyo feni inasukuma hewa ndani ya injini. Shafti inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Hewa ikifinywa inapata moto, ndio maana inapitishwa kwa intakula ipoe kabla ya kuingia. Na jina lake halidanganyi: itakula, na itakula pesa yako yote.

Sasa tuongee mpangilio, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi wanapotea. Mtu anapata turbo ya mtumba Grogan kwa bei poa, anapiga picha, anapost, halafu ndio anaanza kujiuliza itashikwa na nini. Mimi nilianza na kipimo cha kompresheni kwa silinda zote sita. Kama silinda moja iko chini sana ya zingine, injini ni mgonjwa, na huwezi kumbebesha mgonjwa gunia. Zangu zilikuwa karibu sawa. Hapo ndio nikaendelea: radieta, mipaipu ya maji, pampu ya mafuta, plagi mpya.

Kisha ubongo. Hii gari inatumia KE-Jetronic ya Bosch. Kuna sahani ndogo inayoinuliwa na hewa inayoingia, na kadiri inavyoinuka ndivyo petroli inavyoongezwa. Ni mtambo safi sana kwa kazi iliyotengenezewa. Lakini ukianza kusukuma hewa nyingi, sahani inafika mwisho wake, hewa inaendelea kuingia na petroli haiongezeki. Hewa nyingi na petroli kidogo chini ya busti ndiyo njia ya haraka ya kutoboa pistoni. Kwa hivyo nilitoa mfumo wote, nikaweka injekta za umeme na kompyuta ya injini inayojitegemea. Hiyo kompyuta ilinikula pesa kuliko turbo, manifoldi na intakula zikiwekwa pamoja. Niliilipia pole pole, mwezi baada ya mwezi, na pesa za kuedit video za harusi.

Manifoldi hakuna ya kununua dukani, angalau si kwa bei yangu. Fundi wangu wa Industrial Area aliichomelea kwa mkono. Kazi ngumu ilikuwa nafasi: stering yetu iko kulia na ekzosti inatokea upande huo huo, kwa hivyo turbo lazima ikae mahali haitachoma boksi ya stering. Alipima na kadibodi siku mbili kabla ya kukata chuma. Mwingine angekata kwanza, apime baadaye. Pia alinifunza kitu hakuna video iliwahi kuniambia vizuri: paipu ya oili inayotoka kwa turbo lazima ishuke moja kwa moja hadi kwa sampu, na iwe nene, kwa sababu oili inashuka kwa uzito wake tu. Ikipindwa ama ikiwa nyembamba, oili inajaa ndani ya turbo na utaanza kutoa moshi wa bluu kama matatu mzee.

Na sasa ndio tunafika kwa ile vita ya inboksi. Busti yangu ni 0.4 bar. Kuna gereji ilinipigia ikasema itanilipa nipandishe hadi 1 bar, halafu nirekodi mbio usiku kwa bypass. Pesa ilikuwa nzuri, siwezi danganya. Ingelipa rent miezi minne. Nilikataa, na watu wakaniita mwoga kwa siku tatu mfululizo.

Hesabu yangu ndiyo hii. Injini hii inafinya hewa zaidi ya mara 9 ndani ya silinda, kwa sababu haikutengenezewa turbo. Linganisha na 1JZ-GTE ya Toyota, ambayo ilitoka kiwandani na turbo: Toyota waliishusha hadi 8.5 kwa 1. Ukifinya sana na hewa iko moto, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, ile sauti ya kugonga kama misumari kwa mkebe. Sekunde chache za hiyo zinatosha kumaliza gasketi ya hedi ama pistoni. Na hiyo 0.4 si kidogo vile unadhani. Hapa Nairobi, 0.83 ukiongeza 0.4 ni 1.23 bar. Hiyo ni karibu nusu tena ya hewa niliyokuwa nayo.

Kisha shuka Mombasa. Wesgeti yangu inafunguka kwa springi, na springi inapima tofauti na hewa ya nje tu. Kwa hivyo kule chini, 1.01 ukiongeza 0.4 ni 1.41 bar. Geji ya busti inakuonyesha namba ile ile, lakini injini imebeba mzigo mzito zaidi. Na kompyuta iliyosetiwa Nairobi haijawahi kufika kwenye hizo namba za juu, kwa sababu hewa yetu haiwezi kuifikisha huko. Tulilazimika kujaza hizo sehemu kwa tahadhari, petroli zaidi na cheche ichelewe kidogo, kabla sijampeleka mama kwa dadake Mtwapa. Sasa fikiria mtu ameset 1 bar hapa, hajui hii hesabu, anashuka Mtito Andei usiku na marafiki wanne.

Kitu kingine: breki. Mercedes-Benz wenyewe walipoweka V8 ya farasi 326 kwa hii hii W124, ile 500E, hawakubadilisha injini peke yake. Waliita Porsche wasaidie, wakaongeza breki, wakapanua gari. Kama walioitengeneza waliogopa kuongeza nguvu bila breki, mimi na wewe ni nani? Diski na pedi zangu zilibadilishwa kabla turbo haijafungwa. Bima pia waliambiwa. Wakaongeza bei, nikalipa nikinung'unika. Siku ya ajali hawatakuwa na sababu ya kuniruka.

Nimeandika hii yote kwa sababu najua nani ananiwatch. Ni wadogo wa miaka 16, 17, ambao hawana gari bado lakini wako na mshua mwenye gari na funguo ziko kwa meza. Video ya mbio usiku ingepata watazamaji wengi. Lakini kuna mdogo mmoja angeiona na kusema, kumbe ni rahisi. Siwezi kula hiyo pesa nikalala.

Kwa hivyo busti inabaki 0.4. Ukiwa na yako, fanya hivi: pima kompresheni, tengeneza upozaji, nunua ubongo, weka breki, halafu tafuta turbo. Ukitoka safari ndefu, iache injini ingurume dakika moja hivi kabla ya kuzima, oili isiungue ndani ya turbo. Wiki ijayo naweka orodha ya bei zote, risiti kwa risiti, hata ile ya chai ya fundi. Ukiona jumla na bado unataka, basi wewe ni mgonjwa kama mimi, karibu.