Nilimwamkia Kwanza

Sikuwahi kumtukana mdaiwa. Kwa miaka yote niliyofuatilia madeni Dar es Salaam, hiyo ndiyo ilikuwa fahari yangu. Wenzangu walibeba magodoro na televisheni, walimfuata mama wa watu gengeni na kumtajia deni lake mbele ya wateja. Mimi niliingia uani, nikavua viatu, nikakaa mkekani, nikauliza hali za watoto. Na mwisho wa mwezi nilikuwa nimekusanya pesa kuliko wao wote.

Nilichelewa sana kuona kwamba upole wangu na hizo pesa ni jambo moja. Ninachoungama hapa ni hicho.

Nilianzia kwenye vikundi vya akina mama, ambako mwenzako akiruka rejesho kikundi kizima hakitawanyiki mpaka pesa itimie. Baadaye ofisi moja ndogo ya mikopo ya mtaani ikaniita niwe mpatanishi wao. Meneja alinieleza kwamba wadaiwa wamechoka na vitisho, na kwamba ofisi haipendi mambo ya mahakama. Nilifurahi kusikia hivyo, nikadhani ni ubinadamu. Nilipaswa kuuliza kwa nini hawapendi. Deni ni shauri la madai. Mahakama ya Mwanzo iko wazi kwa yeyote anayedai, na hakimu hana makuu: ataomba mkataba na hesabu. Mwenye hesabu safi haogopi kuombwa hesabu.

Mshahara sikupewa. Nililipwa asilimia 10 ya kila shilingi niliyoirudisha ofisini. Nikajiita mpatanishi, hali ya kuwa nalipwa na upande mmoja kwa kadiri upande wa pili unavyokamuliwa. Hata jambo hilo sikuliona baya. Nilijiambia kuwa wakili naye hulipwa na mteja wake. Ila wakili haji nyumbani kwako akasema amekuja kuwasuluhisha.

Wasiowahi kukopa huku chini niwaeleze mkopo wenyewe, unaoitwa kausha damu. Mtu anapeleka barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri, picha mbili za pasipoti, wadhamini wawili, na orodha ya vyombo vyake vya ndani: friji, sofa, kitanda, subwufa. Anaandikiwa mkopo wa shilingi 300,000. Mkononi anapewa 270,000, kwa sababu 30,000 zimekatwa papo hapo, hela ya fomu na kitu kinachoitwa bima. Kuanzia kesho yake analeta rejesho la 13,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 390,000. Kila siku mtu wa marejesho anapita na kutia sahihi kwenye kadi.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewapanga wakopeshaji katika madaraja manne, kuanzia benki za huduma ndogo za fedha hadi vikundi vya kijamii kama vile vikoba. Ofisi kama ile iliangukia daraja la pili, la wanaokopesha bila kupokea amana, ambalo Benki Kuu ililiwekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 300,000, riba ya mwezi haitakiwi kuzidi 10,500. Ofisi yetu ilichukua 90,000, ukiacha zile 30,000 za mlangoni. Sheria niliijua, leseni sikuwahi kuiona ukutani, na sikuuliza.

Mama ninayetaka kumsema alikuwa anakaanga mihogo Mbagala. Ofisi ilinipa jina lake, namba ya simu, na kiasi: 241,000. Nilifanya kama kawaida yangu. Nilimpitia kwanza mjumbe wa shina, mzee anayeheshimika, nikamwomba anisindikize ili mama asihofu. Tulifika alasiri, jiko limeshazimwa. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni."

Alitandika mkeka, akatuletea maji. Nilipotaja nilikotoka hakubisha wala hakulia. Aliingia ndani, akatoa kadi yake ya marejesho chini ya godoro, akanipa kwa mikono miwili.

"Hebu angalia, mwanangu. Hapa na hapa ilikuwa Idd, hakupita mtu. Na hapa pia hakupita."

Sikuiangalia. Nilimrudishia, na maneno niliyosema nayakumbuka kwa sababu niliyasema kila nyumba: "Mama, mambo ya kadi tuwaachie ofisi. Mimi nimekuja tutafute njia ya kulimaliza hili kwa amani. Kwa siku unaweza kutoa shilingi ngapi?"

Alimtazama mjumbe. Mjumbe akatazama maji yake. Mama akasema elfu tano. Nikatabasamu, nikasema tufanye elfu tano na mia tano, na mimi nitakuombea ofisini wakupunguzie, umalize ndani ya siku 40. Ofisi ilikubali kushusha deni hadi 220,000. Mama alinishukuru. Mjumbe alinisifu njia nzima tulipokuwa tunatoka, kwamba vijana wenye adabu wamekuwa adimu.

Alilipa zote. Siku ya mwisho aliomba kitu kimoja: karatasi inayosema hadaiwi. Ofisi haikuwa na utaratibu wa kutoa karatasi, nikaahidi kumwandikia mwenyewe kwa mkono, nikaichukua kadi yake ili nipate tarehe. Hivyo ndivyo kadi niliyoikataa mkekani ilivyofika mezani kwangu.

Ilikuwa na mistari 30. Mistari 23 ilikuwa na sahihi, 7 ilikuwa mitupu. Mara 23 kwa 13,000 ni 299,000. Kwa hesabu ya ofisi yenyewe, pamoja na riba yake yote, alikuwa amebakiwa na 91,000. Zile 150,000 nyingine zilikuwa faini: elfu tano kwa kila siku, siku 30 baada ya muda kwisha. Nilitafuta neno faini kwenye mkataba wake, mbele na nyuma. Halikuwemo. Aliyebuni ile faini alitumia kalamu, basi.

Nikaendelea kuhesabu ingawa nilitamani kuacha. Kwa ukomo wa Benki Kuu, mkopo wa 300,000 ungerudi 310,500. Siku nilipokaa mkekani kwake, mama yule alikuwa anadaiwa 11,500, kiasi ambacho angekimaliza kwa siku mbili tatu za mihogo. Badala yake nilimpangia 220,000, nikampunguzia ishirini na kitu elfu za uongo, akanishukuru. Kwa 270,000 alizopokea mkononi, alikuwa ametoa 519,000.

Sitasema nilidanganywa. Meneja hakunificha kitu; kadi zilikuwepo kwenye kila nyumba niliyoingia, na nyingi zilitolewa na wenyewe bila kuombwa. Mimi ndiye niliyejipangia kwamba upatanishi ni kuzungumza deni litalipwa lini. Swali la kiasi gani niliona lina ubishi, na ubishi unaharibu amani. Nilisuluhisha kalenda, nikaliacha deni kama lilivyoletwa. Ukiwa unalipwa asilimia 10, swali la kiasi lina ubaya mwingine pia: likijibiwa kwa haki, fungu lako linapungua. Nilipewa 22,000 kwa mama yule. Kwa hesabu ya ofisi isiyo na faini ningepewa 9,100. Kwa hesabu ya sheria, 1,150.

Nimelelewa katika nyumba iliyosoma Qur'ani, na aya ndefu kuliko zote ndani yake, ya 282 katika Sura ya Al-Baqarah, inahusu kuandika madeni. Nilipokuwa mdogo niliisikia ikifafanuliwa msikitini, na jambo moja linanikera hadi leo: anayeagizwa kumtajia mwandishi yale ya kuandika ni mdaiwa, si mdai. Mnyonge ndiye anayetamka kiasi, mwandishi anaandika, mashahidi wanasikia. Mimi nilikuwa na mwandishi, na shahidi nilimleta mwenyewe. Aliyetakiwa kutamka ndiye niliyemnyamazisha.

Nilirudi Mbagala baada ya kuacha ile kazi, na sikuiacha kwa ujasiri. Ofisi ilifungwa na wenyewe wakahama. Nilimkuta jikoni. Nilimweleza yote, hesabu kwa hesabu, nikimwonyesha kadi. Alinisikiliza huku anageuza mihogo. Nilipomaliza akasema, "Nilijua."

"Sasa mama, mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilikuletea kadi ukanirudishia."

Sikuwa na jibu. Yeye ndiye aliyeendelea, bila hasira: "Wale wa kwanza walikuja na matusi. Niliwafukuza, na majirani walitoka wote wakanisaidia. Wewe umekuja umeniamkia, umekuja na mjumbe. Mtu aliyekuamkia unamfukuzaje?"

Kisha akaniambia nisilolitarajia. Zile elfu tano na mia tano hazikutoka kwenye mihogo. Mihogo ilikuwa inatoa chakula na nauli ya daladala ya mtoto. Alikwenda ofisi nyingine ya namna ileile, akakopa, akanilipa mimi. Ule mpango wa siku 40 ulionipa sifa kwa mjumbe ulikuwa ni kuhamisha deni lake kutoka mlango mmoja kwenda mwingine, likiwa na riba mpya juu yake.

Nilikuwa nimekwenda na zile 22,000 zangu. Nikampa. Alizihesabu mbele yangu, akazifunga kwenye pembe ya kanga, akauliza, "Na nyingine?" Nikasema nyingine ziko ofisini, na ofisi imehama. Akasema, "Ofisi mimi siijui. Aliyekuja ni wewe."

Katika 220,000 alizolipa, ukitoa 91,000 za hesabu ya ofisi isiyo na faini na zile 22,000, palikuwa na 107,000 zaidi. Nilizilipa kwa awamu, kwa simu. Nilichelewa mara kadhaa, kama wanavyochelewa wadaiwa wote, kwa sababu zilezile nilizokuwa nikizisikia kwao na kuzitilia shaka: mtoto ameugua, kodi ya nyumba imefika, niliyemtarajia hajanilipa. Hakunipigia simu hata mara moja, na hakuniongezea faini.

Nisijipake mafuta. Huyo ni mmoja. Kwenye daftari langu kulikuwa na wengine wengi: msusi wa Temeke, fundi viatu, mzee aliyestaafu bandarini na kumdhamini mkwewe. Wote niliwaamkia, wote niliwapangia kalenda. Kadi zao nilizirudisha bila kuzisoma, kwa hiyo hata nikitaka kuwalipa sina hesabu ya kuanzia. Baadhi yao wananisalimia kwa furaha nikikutana nao mjini. Hilo ndilo zito kuliko lawama zote.

Siku hizi watu wamejifunza kuwatambua wakopeshaji wakali. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na kila mtu ana habari ya ndugu aliyetumiwa ujumbe wa aibu kwenye simu za marafiki zake wote. Ni sawa kuwasema. Lakini anayetukana mwenyewe anakupa nguvu ya kumkatalia. Majirani wanajua wasimame upande gani. Mtu kama nilivyokuwa mimi anakuja na mjumbe, anaacha viatu mlangoni, na anawageuza majirani wawe mashahidi wa ahadi uliyoitoa kwa aibu. Ahadi ni deni, tunasema, na mimi niliutumia msemo huo dhidi ya watu ambao deni lao halikuwa la kweli.

Nikiitwa sasa na jamaa au jirani aliyebanwa, naanza na karatasi. Kabla ya kutaja kiasi unachoweza kutoa kwa siku, mwambie aliyekuja akuonyeshe mkataba uliotia sahihi, akueleze pesa ulizopokea mkononi na ulizokwisha kurudisha, na ataje leseni ya aliyemtuma. Muulize pia yeye analipwa na nani na kwa utaratibu gani. Faini isiyoandikwa popote usiikubali kwa sababu tu imetajwa kwa sauti ya chini. Akitaja polisi, mkumbushe kwamba kudaiwa si kosa la jinai, na kwamba mahakama ipo kwa ajili yenu wote wawili. Mjumbe naye, akiombwa kusindikiza mtu, aombe kwanza kuiona hesabu, maana uso wake ndio unaotumika.

Mpatanishi wa kweli atayajibu hayo bila kununa, na huenda akakusaidia kuhesabu. Mimi nisingeweza kujibu hata moja. Ningetabasamu, ningekuuliza watoto hawajambo, na ningerudi kwenye swali langu la shilingi ngapi kwa siku.